Mlango wa Upande Mmoja: Nyimbo za Dansi katika Televisheni ya Hungaria

Ndugu Mwenyekiti, walimu wangu, wanamuziki wenzangu, mabibi na mabwana.

Wahungaria wana neno táncdal. Ukiligawa mara mbili unapata tánc, yaani dansi, na dal, yaani wimbo. Kwa msikilizaji wa Dar es Salaam au Morogoro neno hilo halihitaji maelezo marefu, kwa kuwa sisi nasi tuna muziki wa dansi, na tunajua kwamba jina hilo hubeba mengi zaidi ya kucheza: hubeba mji, usiku wa Jumamosi, suti iliyopigwa pasi, mlio wa gitaa, mapenzi ya vijana na wasiwasi wa wazee. Mwaka 1966 televisheni ya taifa ya Hungaria ilianzisha mashindano ya nyimbo hizo, ikayaita Táncdalfesztivál, yaani tamasha la nyimbo za dansi, na hayo ndiyo niliyokuja kuyazungumza jioni hii.

Naitanguliza hoja yangu ili msipate taabu ya kuitafuta. Mashindano hayo yaliandaliwa na dola iliyotaka kuwa bawabu wa muziki wa vijana: iuone kwanza, iupime, iuvishe nguo za heshima, ndipo iuruhusu kupita. Bawabu aliifanya kazi yake kwa bidii. Hata hivyo mlango ule ulipitika upande mmoja tu. Msichana akishapita, sauti yake ikaingia katika nyumba za watu kwa mamia ya maelfu, hakuwapo tena afisa aliyeweza kumrudisha nje, hata pale dola yenyewe ilipojuta na kujaribu kufanya hivyo.

Kidogo kuhusu nchi yenyewe. Tarehe 23 Oktoba 1956 wananchi wa Budapest waliinuka dhidi ya utawala wao. Tarehe 4 Novemba vifaru vya Kisovyeti vikaingia mjini na kuyazima maasi yale kwa damu. Aliyewekwa madarakani alikuwa Kádár János. (Majina nitayataja kwa desturi yao, la ukoo likitangulia. Kovács, jina mtakalolisikia sana leo, maana yake ni mhunzi, na ni miongoni mwa majina ya ukoo yaliyoenea zaidi katika nchi ile.) Miaka ya kwanza ya Kádár ilikuwa miaka ya magereza na kamba za kunyongea. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 1960, alibadili sauti na kutamka kwamba asiyekuwa dhidi yetu yuko pamoja nasi, na katika kauli hiyo watu walisikia mapatano ambayo hayakuandikwa popote: msituguse katika siasa, nasi tutawaachia friji, likizo ziwani, na muziki kidogo.

Utamaduni ulikuwa mikononi mwa Aczél György, mtu msomi aliyependa kujuana na waandishi na wasanii mmoja mmoja, na sera yake watu waliifupisha kwa maneno matatu ambayo kwa Kihungaria yote huanza na herufi T: kinachosaidiwa, kinachovumiliwa na kinachokatazwa. Naomba muyashike maneno haya matatu, maana mwimbaji kijana aliishi kati yake kama mtu anayeishi katika nyumba ya vyumba vitatu bila kujua kesho ataamkia kipi. Hapakuwa na kitabu cha sheria kilichoeleza mpaka uko wapi. Mpaka ulijulikana baada ya kuvukwa.

Televisheni ilianza matangazo yake ya kawaida mwaka 1957, mwaka mmoja tu baada ya mapigano, na makao yake yakawa jumba kubwa kwenye Uwanja wa Uhuru mjini Budapest, jumba ambalo kabla ya ujamaa lilikuwa soko la hisa. Kwa muda wote wa miaka ya 1960 idhaa ilikuwa moja tu. Siku ya Jumatatu hapakuwa na matangazo kabisa, na desturi hiyo iliendelea hadi mwaka 1989. Mwishoni mwa miaka ya 1960 seti za televisheni zilikuwa zimepita milioni moja katika nchi ya watu milioni kumi hivi, na kwa kuwa jirani alikuja kwa jirani mwenye seti, mnaweza kukisia macho mangapi yaliuelekea wimbo mmoja kwa wakati mmoja. Leo hii hakuna msanii duniani, awe na wafuasi wengi kiasi gani mtandaoni, anayepata jambo lile: taifa zima kutazama kitu kimoja, saa ile ile, bila kuwa na kingine cha kutazama.

Vijana wenyewe hawakuwa wakiingoja televisheni iwafundishe muziki. Usiku walitega redio zao kutafuta Radio Luxembourg, na kutoka Munich walimsikiliza mtangazaji wa Radio Ulaya Huru aliyejiita Cseke László, akiwapigia nyimbo mpya za Magharibi kwa Kihungaria. Walizikariri nyimbo za Kiingereza bila kuijua lugha, wakayashika maneno kwa sikio tu, wakaziimba katika vilabu vya viwanda na vya vyuo kwa magitaa ambayo mengine waliyaunda kwa mikono yao. Umoja wa Vijana wa Kikomunisti uliwafungulia bustani ya muziki chini ya kasri la Buda, Ifjúsági Park, iliyoanza tarehe 20 Agosti 1961. Mlangoni palikuwa na masharti: mvulana asiye na tai hakuingia, na mwenye nywele ndefu hakuingia. Redio ya taifa nayo ikaanzisha kipindi cha vijana peke yao mwaka 1965, chini ya Komjáthy György. Kwa hiyo dola haikuwa imelala. Iliona mto unakuja, ikaamua kuuchimbia mfereji kabla haujachagua njia wenyewe.

Mfereji wa kwanza haukuwa tamasha la nyimbo za dansi. Ulikuwa shindano la vipaji vya kila aina, lililoanza mwaka 1962 na kuitwa Ki mit tud?, jina ambalo kwa Kiswahili linakaa vizuri kabisa: Nani ajua nini? Walikuja wapiga fidla, wachekeshaji, wasoma mashairi, wacheza ngoma za asili, hata wapiga mluzi. Walikuja pia wasichana wawili wanafunzi wa sekondari walioimba pamoja, na mmoja wao aliitwa Koncz Zsuzsa, mzaliwa wa mwaka 1946. Mwaka 1965, katika shindano hilo hilo, msichana kutoka kijiji cha Verpelét, karibu na mji wa Eger, alisimama mbele ya majaji, akaimba, akashinda. Huyo ni Kovács Kati. Alikuwa na miaka 20.

Majira ya kiangazi yaliyofuata televisheni iliandaa Táncdalfesztivál ya kwanza. Kimsingi lilikuwa shindano la nyimbo: tuzo ilikuwa ya wimbo, na mtunzi ndiye aliyetarajiwa kutukuka. Watunzi wengi walikuwa watu wazima waliobobea katika kazi hiyo, wenye kujua kuandika nota za okestra nzima. Mwimbaji alikuwa kama mtu anayevalishwa gauni la maonyesho alitembeze mbele ya watu. Waandaaji hawakuhesabu kwamba kamera haiwezi kumwonyesha mtunzi. Kamera huonyesha uso unaoimba, na uso huo ndio mtazamaji anaolala nao akilini.

Kovács Kati alipewa wimbo wa mtunzi Lovas Róbert, Nem leszek a játékszered. Maana yake ni “Sitakuwa kichezeo chako.” Nataka tusimame hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo ninapoupendea muziki huu.

Kihungaria huweka mkazo kwenye silabi ya kwanza ya kila neno, bila kubagua. Sisi wa Kiswahili huuweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na ndiyo maana wimbo wetu huelekea kutua taratibu, kama ngalawa inayosogea ufukweni. Wimbo wa Kihungaria hugonga mwanzoni mwa neno, kisha hulegea. Muziki wa bendi za Kiingereza ulikuwa na tabia nyingine; mara nyingi uliingia kwa silabi nyepesi kabla ya kipigo kizito, na vijana wa Budapest walipojaribu kuyalazimisha maneno ya kwao yaingie katika mapigo hayo, lugha ilichechemea. Walisikia wenyewe kwamba inachechemea, ndiyo sababu wengi waliona heri waimbe Kiingereza wasichokijua. Sasa sikilizeni sentensi ile ya Kovács Kati. Nem, yaani hapana, inasimama peke yake mlangoni. Kisha neno la mwisho, játékszered, lina silabi nne, na uzito wote uko kwenye silabi ya kwanza, já, ambayo ni ndefu. Msichana yule aliifikia silabi hiyo kwa sauti nzito yenye mikwaruzo, sauti iliyotoka chini ya kifua, akailalia, halafu akaziacha zile tatu zianguke kama mawe kwenye ngazi. Lugha haikuchechemea tena. Hasira ya msichana anayekataa kuchezewa na mkazo wa lugha ya mama yake vilikuwa kitu kimoja.

Wimbo huo ulishinda mwaka ule wa kwanza. Aliyeutunga alikuwa mtunzi wa shule ya zamani, na hilo nalisema makusudi, kwa sababu wapo wanaoisimulia habari hii kana kwamba wazee wote walikuwa ukuta na vijana wote walikuwa nyundo. Sikubaliani nao. Wazee wale walijua kushona. Walichokikosa ni mwili wa kulivaa vazi lile, na mashindano yaliwaletea mwili huo kutoka vijijini.

Mimi nilifika Budapest mwaka 1982 kwa ufadhili wa masomo, na baada ya kukaa bwenini nilipanga chumba kwa mama mmoja mjane ambaye, kwa desturi ya kule, nilimwita néni, jina la heshima analoitwa mwanamke aliyekuzidi umri sana, hata asiye na undugu nawe. Alikuwa amekulia katika kijiji cha uwanda mkubwa wa mashariki. Alinisimulia kwamba mwaka 1966 kijijini kwao watu walikwenda kutazama tamasha katika nyumba ya utamaduni, kila mmoja na kiti chake kichwani au begani, kwa kuwa viti vya pale havikutosha. Kovács Kati alipomaliza kuimba, wasichana walipiga makofi na baba yake néni akasema kwa sauti ya kusikika: “Nani atamwoa huyo mwenye sauti ya mwanamume?” Njia nzima ya kurudi nyumbani, viti vikiwa vichwani, wasichana waliimba maneno yale manne gizani, nyuma ya baba zao. Néni alikuwa na umri wa miaka zaidi ya 30 wakati huo, ameolewa na ana mtoto, na aliniambia kwamba yeye naye aliimba, ila kimoyomoyo.

Nimewahi kuulizwa mwimbaji alipata nini baada ya kushinda. Fedha kubwa hakupata. Nchi ilikuwa na kampuni moja tu ya kutengeneza santuri, ya serikali, na ndiyo iliyoamua nani arekodi na nani asubiri. Kupanga maonyesho kulikuwa kazi ya ofisi moja ya taifa. Mwanamuziki wa burudani alihitaji kibali, na kibali kilitolewa baada ya mtihani uliompanga daraja, na daraja ndilo lililoamua malipo yake ya usiku. Maneno ya nyimbo yalipitiwa na kamati maalumu kabla ya kuimbwa hadharani. Waliowahi kupeleka mashairi yao Radio Tanzania Dar es Salaam enzi zile wanaijua hali ya kukaa nje ya mlango kusubiri kamati iamue. Alichokipata mshindi ni kujulikana, na kujulikana kulibadilishwa kuwa mkate kwa njia ambayo wanamuziki wa kule waliiita hakni: safari za haraka haraka mikoani, pengine nyumba mbili au tatu za utamaduni katika usiku mmoja, mwimbaji akibadilisha viatu ndani ya gari, akiimba nyimbo mbili tatu zile zile walizoziona kwenye kioo, kisha mbio kwenda kijiji kinachofuata. Karibu kila kijiji kilikuwa na nyumba yake ya utamaduni. Ujamaa ulizijenga kwa ajili ya mihadhara na sinema za mafundisho, na waimbaji wa nyimbo za dansi ndio waliozijaza.

Kuanzia hapo mashindano yakawa ya kila mwaka hadi 1969. Mwaka 1967 alitokea kijana mrefu mtanashati aliyekuwa akifanya kazi ya kuonyesha mitindo ya mavazi, Szécsi Pál, akaimba Csak egy tánc volt, “Ilikuwa dansi moja tu,” kwa sauti ya chini iliyokaribia kunong’ona. Baada ya kishindo cha Kovács Kati mnaweza kudhani huo ulikuwa muziki wa kurudi nyuma. Kwangu sivyo. Katika nchi ambako kila hotuba ilitamkwa kwa sauti kubwa, mwanamume aliyethubutu kusimama mbele ya taifa na kuongea taratibu kuhusu dansi moja iliyokwisha alikuwa akitoa kitu adimu. Alifariki kwa mkono wake mwenyewe mwaka 1974, akiwa na miaka 30. Nyimbo zake bado zinapigwa kule katika harusi na katika mazishi pia.

Mwaka 1968 ndio mwaka mkubwa. Januari nchi ilianza mageuzi ya uchumi yaliyolegeza mipango ya serikali. Agosti jeshi la Hungaria liliingia Chekoslovakia pamoja na majeshi ya Kisovyeti na ya washirika wengine. Katikati ya mambo hayo mawili, katika mwaka huo mmoja, bendi ya Illés ilipanda jukwaa la televisheni na nyimbo zake yenyewe. Illés Lajos alikuwa ndiye mwenye jina, lakini nguvu ya utunzi ilitoka pia kwa Szörényi Levente na Bródy János, vijana waliokuwa wamefanya lile ambalo wengine walilishindwa: waliandika nyimbo za magitaa kwa Kihungaria kinachotembea wima. Dawa yao ilikuwa ya nyumbani. Walisikiliza nyimbo za vijijini, zile ambazo mkazo wa kwanza ni tabia yake ya kuzaliwa, wakazichanganya na mapigo ya bendi. Wimbo wao Amikor én még kissrác voltam, “Nilipokuwa bado mvulana mdogo,” ulitwaa tuzo, na Koncz Zsuzsa, yule mwanafunzi wa mwaka 1962, aliimba Színes ceruzák, “Penseli za rangi,” uliotoka kwa watunzi wa bendi hiyo hiyo.

Fikirini maana yake. Mvulana ambaye Jumamosi alizuiwa kwenye lango la Ifjúsági Park kwa sababu ya nywele zake alirudi nyumbani na kumkuta Szörényi Levente sebuleni kwao, ndani ya televisheni ya serikali, akishangiliwa na kupewa tuzo mbele ya mama yake. Tangu siku hiyo mama huyo alikuwa na kazi ngumu zaidi ya kumwambia mwanawe anyoe. Na mpango mzima wa shindano uligeuka. Mtunzi wa kulipwa, mwandishi wa maneno, mpangaji wa ala, mwongoza okestra, mwimbaji: safu hiyo ndefu, ambayo katika kila hatua yake palikuwa na mtu wa kuulizwa, ilibadilishwa na vijana watano wanaotunga, kupiga na kuimba wenyewe. Bawabu alizoea kukagua mizigo kwenye vituo vitano. Sasa mizigo yote ilipita katika kituo kimoja.

Dola ilijaribu kurekebisha. Mwaka 1970 Illés walikwenda London, wakahojiwa na BBC, wakasema maneno ambayo nyumbani hayakupendeza. Waliporudi walinyimwa kwa muda kupiga muziki katika mji mkuu na kuonekana katika vyombo vya utangazaji. Wakaenda mikoani, katika zile zile nyumba za utamaduni, na watu wa mikoani wakawapokea. Hakuna aliyehitaji tangazo la redio kuambiwa Illés ni nani. Televisheni ilikuwa imeshamaliza kazi hiyo miaka miwili kabla.

Tamasha lilirudi mwaka 1971 na 1972. Katika hilo la 1972 mshindi alikuwa tena Kovács Kati, kwa wimbo wa mtunzi Koncz Tibor na mwandishi wa maneno Szenes Iván, Add már, uram, az esőt! Nikiufasiri: “Tupe mvua sasa, ee Bwana!” Kila mkulima aliyeko katika ukumbi huu ameshaitoa dua hiyo. Néni aliponipigia wimbo huo kwa mara ya kwanza, mwaka wangu wa kwanza kule, sikuwa najua Kihungaria cha kutosha, lakini nilijua tu kwamba mtu huyu anaomba mvua, kwa jinsi sauti ilivyopanda polepole kama anayetazama juu na kukinga mikono. Na hiyo ilikuwa televisheni ya chama kinachofundisha kwamba Mungu hayupo. Neno uram linaweza kumaanisha bwana yeyote, hata bwana wa dukani, na pengine kamati ilijisitiri ndani ya maana hiyo. Watazamaji hawakuhitaji kujisitiri. Miaka 6 ilikuwa imepita tangu msichana yule aseme hatakuwa kichezeo. Sasa alikuwa mwanamke wa miaka 27 anayewaombea watu wake mvua, na hakuna aliyeuliza kwa idhini ya nani.

Sasa nifike kwa Koncz Zsuzsa, kwa sababu kwake ndiko mlango ulikojaribiwa kufungwa kwa nguvu zote. Mwaka 1973 kampuni ya santuri ya serikali ilitoa albamu yake Jelbeszéd, “Lugha ya ishara.” Ndani yake mlikuwa na wimbo ulioandikwa na Bródy János, Ha én rózsa volnék, “Kama ningekuwa waridi.” Mwimbaji anajifanya kitu baada ya kitu. Anasema angekuwa bendera, asingepepea kwa kila upepo. Angekuwa barabara, angetaka kuwa safi daima, na kama siku moja minyororo ya magurudumu ingemkanyaga, ardhi chini yake ingelia na kuporomoka. Magari yenye minyororo kwenye magurudumu, yaani vifaru, katika barabara za Budapest, kila mtu aliyezidi miaka 20 alikuwa ameyaona kwa macho yake.

Albamu iliondolewa madukani, na santuri zilizokusanywa zikasagwa. Naomba mlipe neno hilo uzito wake. Dola ile ile iliyomleta msichana huyu mbele ya kamera akiwa mwanafunzi, iliyompa okestra, tuzo na mkataba, ilizitia sauti zake katika mashine ya kusaga. Lakini nakala kadhaa zilikuwa zimeshauzwa, na miaka hiyo vinasa sauti vya kanda vilikuwa vimeanza kuingia nyumbani kwa watu. Mwenye santuri alimwita rafiki mwenye kinasa sauti, wakafunga madirisha, wakaweka kipaza sauti mbele ya spika, wakanyamaza dakika 40. Kisha kanda ile ikazaa nyingine. Sauti ambayo miaka 11 kabla ilisambazwa na mnara wa serikali ilisambazwa sasa kutoka jikoni hadi jikoni, na kila aliyeipokea aliitambua kabla haijamaliza sentensi ya kwanza, kwa sababu alikuwa amekua nayo.

Nakala moja ya namna hiyo ilikuwa katika nyumba niliyopanga. Binti yake néni aliirekodi kwa rafiki yake wa shule, akiwa na miaka 16, na mama na binti waliisikiliza kwa miaka 10 hadi kanda ikaanza kupwaya. Mwaka 1983 albamu ilitolewa upya, kimya kimya, bila maelezo kutoka kwa yeyote. Néni alirudi nayo siku moja alasiri, ikiwa ndani ya mfuko mmoja na pilipili hoho za chakula cha jioni. Hakuvua koti. Aliiweka kwenye sahani ya kuzungushia, akakaa, akaanza kumenya pilipili zake kwa kisu kidogo, na midomo yake ikawa inatangulia maneno ya wimbo kwa nusu nukta. Ulipofika ubeti wa barabara aliinua kisu juu na kukishikilia hivyo hivyo hewani, akiinamisha kichwa kana kwamba anategea kitu. Nilidhani ni kwa sababu ya maneno yenyewe. Baadaye alinieleza kwamba katika kanda ya binti yake, siku ile ya kurekodi, mbwa wa jirani alibweka mara mbili katika ubeti huo, na kwa miaka 10 hawakuwahi kuusikia wimbo bila yule mbwa. Alikuwa akimsubiri. Ubeti ukapita, mbwa hakubweka, na néni akacheka huku akijifuta macho kwa mkono wenye harufu ya pilipili hoho, jambo ambalo liliyazidisha machozi, kisha akaniomba niirudishe sindano mwanzo.